Mfarishi wa kanga kwa binti wa kaka: shajara ya kazi

12 Julai

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, na binti wa kaka yangu amepata alama zinazomwezesha kuomba shahada ya uhandisi wa ujenzi. Chaguo lake la kwanza ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na la pili liko Dodoma. Kokote atakakopelekwa atakutana na baridi ambayo sisi wa Tanga hatuijui, kwa kuwa hapa tunalala na shuka moja na dirisha wazi karibu mwaka mzima, na blanketi hutolewa kabatini mtu anapoumwa homa. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai halijoto ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Kaka alitaka kumnunulia mfarishi wa dukani, ule mnene unaouzwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, nami nikamwomba aniachie kazi hiyo niifanye kwa kanga za wanawake wa nyumba yetu. Amekubali kwa sharti kwamba uwe tayari kabla vyuo havijafunguliwa mwishoni mwa Oktoba.

Kabla ya kugusa kitambaa nimeandika masharti ambayo kitu hiki lazima kiyatimize, kwa sababu najua kwamba ndugu watakapoanza kutoa maoni, urembo utapewa nafasi kuliko matumizi. Utatandikwa juu ya kitanda cha deka bwenini, ambacho godoro lake kwa kawaida lina urefu wa futi sita na upana wa futi mbili na nusu. Utafuliwa na mtu mmoja, kwa mikono, ndani ya beseni, na kuanikwa kwenye kamba inayotumiwa na wengi. Aidha, utapaswa kudumu miaka minne, maana huo ndio muda wa masomo yenyewe.

Godoro la futi sita kwa mbili na nusu ni sawa na sentimita 183 kwa 76. Nimeamua mfarishi uwe na urefu wa sentimita 200 na upana wa 140, ili kila ubavu uning'inie sentimita 32 na miguuni pabaki kiasi cha kuchomeka chini ya godoro. Vipande vitakuwa vya mraba wenye pande za sentimita 20 baada ya kushonwa, yaani saba kwa upana na kumi kwa urefu, jumla 70. Kila kipande kitakatwa sentimita 22 ili sentimita moja iliwe na mshono kila upande. Nilifikiria nyota na maua ya vipande vidogo vidogo, nikayaacha. Kila mshono unaoongezwa ni mahali pengine ambapo uzi unaweza kukatika katika beseni la kufulia.

19 Julai

Nimepita nyumba kwa nyumba kukusanya kanga, na nimegundua kwamba ni rahisi zaidi kumwomba mwanamke fedha kuliko kumwomba kanga aliyoizoea. Wifi yangu, mama wa binti, alitoa nne bila kusita. Mke wa binamu yetu aliyeolewa kutoka Mombasa alitoa mbili za miaka mingi zenye chapa ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", ambayo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Zimefifia, lakini uzi wake bado una nguvu.

Mama, ambaye ndiye bibi wa binti, alinitolea kanga ya kiwanda cha nguo cha Urafiki aliyoinunua ujanani. Kiwanda hicho kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na wanawake wa umri wake bado huzitaja kanga zake kwa heshima. Kisha akanyoosha mkono chini ya sanduku akatoa kisutu cha harusi yake, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, akakiweka mapajani na kusema kwamba hicho hakikatwi. Sikumshurutisha. Nilimkumbusha tu yale ambayo yeye mwenyewe alitusimulia tulipokuwa wadogo, kwamba wanawake wa pwani wa karne ya 19 walinunua leso zilizochapwa kwenye jora, wakakata sita, wakazishona tatu juu ya tatu ili wapate vazi moja pana, na kwamba kanga ilitokana na mshono huo wa vipande. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akakirudisha kisutu sandukuni.

Kuna kanga mbili nilizozirudisha mimi. Moja jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, lilikuwa fumbo la kumsuta mke mwenza, na ingawa binti angeicheka, sioni sababu ya ugomvi wa wakubwa kumfuata bwenini. Ya pili ilikuwa na jina la Mungu, na Mama alikataa katakata, kwa maelezo kwamba kitu kinachofunika miguu hakibebi maneno hayo. Nakubaliana naye.

24 Julai

Kazi ya leo ilikuwa kufua. Kanga mpya mbili nilizonunua ili kujaza upungufu, doti moja kwa shilingi 15,000, zilijaa dondo, na kitambaa chenye dondo humdanganya mshonaji: kinaonekana kinene na kilichonyooka, kisha kikilowa hulegea na kusinyaa. Nimeziloweka usiku kucha katika maji ya vuguvugu na sabuni, nikazifikicha, na kurudia hadi maji yakatoka meupe. Kanga nyekundu iliendelea kutoa rangi. Wapo wanaoamini chumvi huifunga rangi, lakini mimi naamini kufua tena na tena, kisha kupima: unaweka kitambaa cheupe kilicholowa juu ya ile nyekundu na kupitisha pasi ya moto. Kitambaa cheupe kikibaki na madoa, kanga hiyo haijawa tayari kukaa karibu na nyeupe.

Nimenunua pia marekani yadi tatu, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar katika karne ya 19 kwa wingi kiasi cha kuachia jina la nchi yake. Nitaitumia kuimarisha kanga zilizochakaa. Ukiinua kanga ya zamani dhidi ya mwanga utaona kwamba mji wake, sehemu ya katikati inayokaliwa na kuvutwa kila siku, umekuwa mwembamba hadi unaonesha upande wa pili, ilhali pindo bado ni imara. Vipande vyote vitakavyotoka katika mji wa kanga za zamani vitawekewa marekani kwa nyuma kabla ya kuunganishwa. Pindo nitazihifadhi kwa ajili ya kufunika ncha mwishoni, mahali panaposuguliwa kuliko pote.

2 Agosti

Kukata kumechukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na sababu yake ni maneno.

Kanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa 110, na jina lake limeandikwa katika mstari mmoja chini ya mji. Ukikata miraba ya sentimita 22 bila kufikiri, jina hukatika popote. Katika kanga ya wifi iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati", kipimo cha kwanza cha chaki kilinipa kipande kilichosomeka "sipati" peke yake. Binti, aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya utepe, alisema, "Shangazi, hicho wakikiona wenzangu wakati wa mitihani wataniita jina hilo mpaka nihitimu." Tulikaa tukapima upya. Herufi za jina lile zinachukua sentimita 57, kwa hiyo miraba mitatu inayofuatana, ikishonwa kwa mpangilio uleule, inabeba msemo mzima pamoja na nafasi ndogo pembeni. Tatizo ni sentimita mbili zinazoliwa na kila mshono kati ya kipande na kipande, ambazo zingemeza herufi. Suluhisho lake ni kutokata kabisa mahali hapo. Nimekata ukanda mmoja wenye urefu wa sentimita 62 na upana wa 22, ambao ukishonwa utachukua nafasi ya miraba mitatu.

Nimefanya hivyo kwa majina matatu tu. La wifi, la "Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu", ambalo kaka alilichagua huku akijifanya hakulichagua yeye, na la "Elimu ni bahari" kutoka katika ile doti mpya. Lile la kaka ni refu mno kutosha katika ukanda mmoja, kwa hiyo limegawanywa mahali msemo unapopumua na litakaa katika mistari miwili. Majina mengine yote nimeyakwepa kwa kukata juu yake. Mfarishi uliojaa maneno kila upande ungekuwa kelele, na mtu anayetaka kulala hahitaji kusoma.

Kanga nyingi huchapwa kombo kidogo ukilinganisha na mwelekeo wa uzi. Ukiichana kanga, inachanika sawasawa kufuata uzi, lakini mchoro unaonekana umelala. Kwa vipande vya kawaida nimefuata uzi, kwa sababu kipande kilichokatwa kombo huvutika na kuharibu mstari mzima, na jicho haligundui ua lililoinama kidogo. Kwa kanda za maneno nimefuata mchoro, kwa sababu kila mtu hugundua maandishi yaliyoinama; ndiyo maana kanda hizo zote zimewekewa marekani iliyonyooka kwa nyuma hata pale ambapo kanga ni mpya.

6 Agosti

Vipande vimepangwa sakafuni, vyeusi kwa vyeupe kadiri ilivyowezekana, na kuunganishwa mstari kwa mstari. Nimebandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, sentimita moja kutoka kwenye sindano, ili kitambaa kifuate ukingo huo. Kosa la milimita mbili katika kila mshono lingeufanya mstari mmoja uwe mfupi kuliko mwingine kwa zaidi ya sentimita moja. Mistari yote kumi imetoka sentimita 142 kabla ya kuunganishwa kingo, kama ilivyotakiwa.

8 Agosti

Leo ni Nane Nane, na kwa kuwa shule na ofisi zimefungwa tumekwenda Lushoto na kurudi. Safari hii ilipangwa na kaka kuwa matembezi ya familia kabla binti hajaondoka, lakini mimi nilikuwa na shughuli yangu. Kati ya kanga za juu na bitana ya chini lazima pawe na kitu cha kutunza joto, na Tanga haina mahali pa kukijaribia. Nilichukua uso wa mfarishi uliokwisha kuunganishwa, nikachukua blanketi mbili zilizokuwa zikishindana: moja zito la sufu alilolinunua kaka alipokuwa jeshini, na jingine jembamba la nyuzi za viwandani, laini, lililotoka mitumbani. Pamba ya sufi, ambayo Mama aliipendekeza kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndani ya magodoro ya zamani, niliiondoa mapema kwa sababu ikifuliwa hujikusanya mabonge.

Tuliondoka kabla ya adhana ya alfajiri, watu saba katika Noah ya kukodi. Muheza tulinunua machungwa, ambayo wakati huu wa mwaka yamerundikwa barabarani kwa mafungu, na kutoka Segera hadi Mombo tulipita kando ya mashamba ya mkonge ambayo yamekuwa alama ya mkoa huu tangu Richard Hindorf alipouleta mmea huo mwaka 1893. Mombo ndipo barabara inapoacha tambarare. Kilomita 33 za kupanda hadi Lushoto zina kona nyingi kuliko nilizozikumbuka. Wadogo zake binti walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, na Mama akalalamika kwamba masikio yameziba. Tulisimama Soni kutazama maporomoko ya maji, ambayo yanaonekana tangu barabarani, na hapo ndipo dereva alipofunga madirisha.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuipenda kwa hali yake ya hewa, iko katika mwinuko wa karibu mita 1,400. Ni pungufu ya Mbeya, lakini kwa mtu aliyetoka usawa wa bahari asubuhi ileile inatosha. Sokoni wanawake walivaa sweta nzito na kujifunga kanga juu yake, na wifi hakuhitaji ushauri zaidi: aliingia katika mafungu ya mitumba akatoka na sweta tatu kwa ajili ya binti, moja ikiwa ya sufu halisi.

Jaribio lilifanyika Irente, kwenye lile genge la miamba ambapo ardhi inakatika ghafla na unaona nyika ya Wamasai imelala chini kabisa. Upepo wa hapo hauna kizuizi. Nilimketisha binti kwenye jiwe, mbali na ukingo, nikamfunika uso wa mfarishi ukiwa na blanketi la sufu chini yake, akakaa hivyo muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha tukabadilisha. Nilitaka sana lile la sufu lishinde, na kuhusu joto lilishinda bila ubishi. Binti alisema kwamba kwa lile jembamba alihisi upepo magotini ulipovuma kwa nguvu. Kisha akasimama, akayakunja yote mawili, akalibeba moja kila mkono, akauliza, "Shangazi, hili la sufu nikilifua nitalikamua na nani?"

Swali hilo tulilijibu wakati wa kurudi. Pale Soni kaka alishuka na blanketi zote mbili hadi kwenye maji, akalowesha upande mmoja wa kila moja, na sisi wawili tukazikamua kwa zamu. Lile la sufu halikukamuliwa na mtu mmoja akalimaliza. Tulizitandaza juu ya viti vya nyuma. Tulipofika Korogwe lile jembamba lilikuwa limebaki na unyevunyevu tu, na lile la sufu lilikuwa bado linadondosha maji kwenye zulia la gari la watu, jambo ambalo dereva alilitaja kwa upole mkubwa. Uamuzi umepita: jembamba litakuwa ndani ya mfarishi, na la sufu atalibeba peke yake kwa ajili ya Juni na Julai, alitandaze juu bila kulifua mara kwa mara.

Chakula cha mchana kilikuwa pilau tuliyoibeba kutoka nyumbani, pamoja na jibini na mkate mweusi kutoka shamba la Irente linaloendeshwa na Kanisa la Kilutheri. Jibini iliisha. Mkate Mama aliuonja, akaurudisha kwenye karatasi, akasema kwamba unafaa kwa watu wenye meno ya kukodi.

17 Agosti

Leo tabaka zote tatu zimekutana. Bitana ni shuka la kitanda cha futi sita kwa sita, la rangi ya samawati iliyoiva, lililopunguzwa hadi sentimita 150 kwa 210 ili lizidi uso kwa sentimita nne kila upande. Nililitandaza sakafuni upande wa ndani ukiwa juu, nikalivuta na kulibana ncha zake kwa plasta ili lisikunjamane, nikaweka blanketi, kisha uso wa kanga. Baada ya hapo nilipiga bandi, yaani mishono ya muda ya kushikilia tabaka, kuanzia katikati kwenda nje, kwa uzi mweupe na mishono mirefu kama kidole, mistari ikipishana kila kiganja. Mtu anayepuuza bandi hulipa baadaye: tabaka la chini hujikunja likiwa limefichika, na huligundui hadi umeshalishona.

Niliweka mstari wa maneno ya wifi kuwa wa tatu kutoka kichwani. "Elimu ni bahari" uko wa tano, na lile la kaka linashika wa saba na wa nane. Mistari miwili ya miguuni haina maneno yoyote, kwa kufuata kanuni aliyoiweka Mama.

7 Septemba

Tume ya Vyuo Vikuu imetangaza waliochaguliwa katika awamu ya kwanza, na binti amepata Mbeya. Nyumbani kulipigwa vigelegele, na mtaa mzima ukajua.

Kazi ya kushona tabaka pamoja imegawanyika. Cherehani yangu ni Singer ya kukanyaga, na nafasi iliyopo kati ya sindano na shina lake haitoshi kupitisha upana wa sentimita 140 ukiwa umetandazwa. Kwa hiyo mfarishi umeviringishwa pande zote mbili kuelekea katikati, ukafungwa kwa kanda za kitambaa, na kusukumwa chini ya sindano kwa urefu wake, mstari baada ya mstari, nikianza na mshono wa katikati. Kwa mistari ya urefu, sita jumla, njia hiyo imefaa. Ilinihitaji mtu wa kushika mzigo upande wa pili, la sivyo uzito wake huivuta sindano na kuivunja.

Mistari ya upana tumeishona kwa mkono, na hapo ndipo Mama alipoichukua kazi. Katika ujana wake alishona kofia za viua kwa ajili ya kuuza, na mkono wake bado unajua kupitisha sindano katika tabaka mbili za kitambaa bila kupotoka. Alitandika mkeka barazani, akawaketisha wifi na mke wa binamu kila mmoja upande wake, akawaonyesha mshono mara moja. Wa wifi ulipokuwa mrefu, Mama aliufumua bila kusema neno na kumrudishia sindano. Nimepima mishono yake: inaingia mitatu katika kila sentimita mbili, mstari mzima, na macho yake yana miaka zaidi ya sabini.

Katika kikao hicho kaka alileta wazo la kudarizi jina la chuo kwa herufi kubwa katikati. Binti alikataa kabla sijafungua mdomo, akisema kwamba hatatangaza chuo kwa watu waliomo ndani ya chuo hichohicho. Tumekubaliana kudarizi herufi za mwanzo za majina yake kwenye pembe ya bitana, kwa uzi mwekundu, ili mfarishi utambulike ukipotea kwenye kamba ya kuanikia.

28 Septemba

Ncha zimefunikwa. Mzunguko wa mfarishi ni sentimita 680, na kanda tano zilizokatwa kutoka katika pindo za kanga, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 150, zimetosha na kubakiza kidogo. Nimezikata kwa upana wa sentimita sita, nikazikunja mara mbili kabla ya kuzishona, hivyo ukingo una tabaka nne za kitambaa. Upande wa mbele nimeushona kwa cherehani na wa nyuma kwa mkono. Pembe nilizikunja kwa pasi na kuzifunga kwa mishono ya ziada.

Pindo zilizotumika zimetoka katika kanga za watu tofauti, kwa hiyo rangi ya ukingo inabadilika unapouzunguka: nyeusi na njano ya wifi, kahawia iliyofifia ya "Mali ya Abdulla", kijani ya Urafiki. Nilidhani ingeonekana kama kitu kilichokosa mpango. Imependeza kuliko ukingo wa rangi moja niliokuwa nimeukusudia, na nimeandika hapa ili nikumbuke nitakapofanya mwingine.

Mama alikuja jioni na kipande cha kisutu. Si chote, alikuwa amekata upande mmoja wa pindo mwenyewe, kwa mkasi wake, na kuupinda. Alisema tufunike nacho upande wa kichwani, mahali ambapo mkono hushika mtu anapojifunika. Nilifumua ukanda wa upande huo nikaweka kisutu, baada ya kukifua na kukipima kwa pasi na kitambaa cheupe, kwa sababu nyekundu ya kisutu ni nyekundu hata ikiwa ya bibi harusi.

5 Oktoba

Jaribio la kufua limefanywa na binti mwenyewe, peke yake, katika beseni lililopo uani, huku mimi nikiwa nimekatazwa kusaidia. Aliukanyaga kwa miguu ukiwa ndani ya maji ya sabuni, akasuuza mara mbili, akaukamua kwa kuuviringisha juu ya bomba la uani na kuzungusha ncha. Alimaliza akiwa amelowa hadi kiunoni, lakini alimaliza. Ulianikwa asubuhi na saa tisa alasiri ulikuwa mkavu, ingawa jua la Tanga si la Mbeya na huko atapaswa kuchagua siku. Rangi haikuhama. Umesinyaa sentimita tatu kwa urefu na mbili kwa upana, nao sasa una mikunjo midogo kando ya kila mshono inayoufanya uwe laini zaidi mkononi. Uzi umekatika mahali pamoja tu, katika mstari mmoja wa cherehani karibu na ukingo, nami nimeurudia.

26 Oktoba

Ameondoka kwa basi la alfajiri kutoka stendi ya Kange. Mfarishi umeviringishwa na kufungwa kwa kanga nzima, ile ya pili ya doti mpya ambayo haikukatwa, kwa sababu Mama anaona si sawa msichana kwenda mbali bila kanga isiyo na mkasi. Blanketi la sufu limo chini ya sanduku. Kondakta alitaka kuutoza nauli kama mzigo wa ziada hadi kaka alipoufungua akamwonyesha kwamba ni shuka la mwanafunzi; aliutazama, akauliza nani ameshona, akauweka juu ya viti.

9 Novemba

Binti amepiga simu. Amepewa kitanda cha juu, jambo ambalo sikulipigia hesabu: sentimita 32 zinazoning'inia kila upande zinamfunika anayelala chini nusu ya dirisha, kwa hiyo mchana anaukunja mara mbili kwa urefu na kuutandaza katikati ya godoro. Ukikunjwa hivyo, maneno yanayobaki juu ni ya kaka. Usiku mvua zilipoanza aliutumia peke yake pamoja na sweta ya Lushoto na hakuhitaji la sufu.

Mwenzake wa chumbani ameuliza bei ya kushonewa kama huo. Nimempigia hesabu kwa uaminifu, marekani, uzi, doti moja, blanketi la mitumba na shuka, haifiki shilingi 60,000. Kazi ya mikono ya wanawake wanne sikuiweka bei, na kanga za zamani hazinunuliki. Nimemwambia amwombe mama yake aanze kukusanya. Binti kwa upande wake ameomba foronya mbili za kufanana na mfarishi. Vipande vilivyobaki vinatosha foronya moja na robo tatu, na wifi ameahidi kanga ya tano.